Maswali na Majibu: Kutu, Kasiki na Hewa ya Pwani

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinatoka Pwani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nipake nini ili bunduki yangu isishike kutu? Nawajibu wamiliki wenye vibali, wanaojua kufungua silaha zao, na ambao huhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu kabla ya kugusa kitambaa. Asiye na mazoea hayo aanzie hapo, mafuta yatamngoja.

Naishi Tanga, si mbali na bahari. Mwezi wa Desemba niliipaka bunduki yangu ya marisau mafuta mengi na kuifungia kasikini, yaani kwenye sefu ya chuma. Mwezi wa Aprili nimeikuta ina madoa mekundu. Mafuta gani ni bora zaidi?

Ndugu yangu, umeniuliza kuhusu mafuta, nami ningependa kujua kwanza ulikuwa wapi miezi minne yote hiyo. Hakuna mafuta yatakayofanya kazi ya mwenye mali. Kosa kubwa ninaloliona kila mwaka ni la mtu anayeamini kwamba kufunga ni kutunza: anapaka, anafunga, anasahau, kisha analaumu chupa.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka unyevu unapozidi asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Pwani hukifikia bila shida. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya maji hata unyevu ukiwa asilimia 35 tu. Kwa hiyo chembe ya chumvi iliyoletwa na upepo, au iliyoachwa na jasho la kidole chako, hujitengenezea tone lake la maji juu ya mtutu bila mvua kunyesha. Ukipaka mafuta juu ya chembe hiyo, umeifunika tu.

Futa kwanza, upake baadaye. Tumia kitambaa safi cha pamba chenye mafuta mepesi ya bunduki ili kuondoa chumvi na alama za vidole, kisha chukua kitambaa kingine upake utando mwembamba wa mafuta mazito kidogo. Mafuta mengi si ulinzi, kwani hutiririka hadi kwenye kitako na kuulainisha mti. Nyakati za masika rudia kila baada ya wiki mbili, na nyakati nyingine mara moja kwa mwezi. Tazama mahali ambapo macho hayafiki upesi: chini ya mtutu unapokutana na mti, kwenye vichwa vya skrubu, na nyuma ya kibamba cha kitako. Wala usidanganywe na weusi wa buluu wa mtutu ukadhani ni rangi ya kuzuia maji. Weusi huo nao ni aina ya kutu, iliyotengenezwa kwa makusudi, na una vitundu vidogo ambavyo visiposhika mafuta vitashika maji.

Je, WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, inatosha?

Haitoshi, na hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukinyeshewa shambani, ipulize, ifute, kisha upake mafuta halisi. Utando inaouacha ni mwembamba mno kulinda chuma kwa miezi.

Babu yangu alipaka gobole lake mafuta ya nazi maisha yake yote na halikuwahi kuoza. Kwa nini tununue mafuta ya ghali?

Namheshimu babu yako, na nina hakika kwamba gobole lile halikulindwa na nazi. Lililindwa na mkono wake. Mwenye gobole hana ruhusa ya uvivu, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuula mtutu kwa muda mfupi, hivyo wazee wetu walizoea kuuosha kwa maji ya moto, kuukausha kwa kitambaa na mdeki (ile fimbo ya kushindilia baruti), na kuupaka mafuta baada ya kupiga. Mafuta yoyote yanayofutwa na kupakwa upya mara kwa mara yatasaidia. Yakiachwa, mafuta ya mimea huchacha, na asidi zake huigeuza shaba kuwa ya kijani, huku mengine, kama ya alizeti, yakiganda kama gundi ndani ya mitambo. Ukitaka kitu cha bei nafuu kwa nje ya mtutu, mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni afadhali. Oili chafu ya gari usiilete karibu kabisa, kwa maana imekwisha kubeba asidi na maji kutoka kwenye injini.

Nimeweka mchele kasikini ili unyonye unyevu. Nifanye kilo ngapi?

Mchele upikwe.

Basi niweke nini? Dukani nimeuziwa kopo linalojaa maji lenyewe.

Kopo hilo lina kloridi ya kalisi. Linanyonya kweli, lakini maji yanayojaa ndani yake ni maji ya chumvi, na likipinduka ndani ya kasiki utakuwa umemwaga bahari juu ya bastola yako. Liweke chumbani kama unalipenda, wala si ndani ya kasiki. Humo weka vipunje vya silika, vile vinavyobadilika rangi vikishiba. Vikibadilika, vikaushe katika oveni kwa nyuzi joto kama 120 kwa saa chache, kisha uvirudishe. Nunua pia kipimaunyevu kidogo, na lengo lako liwe chini ya asilimia 50. Ili kujua kama kinasema kweli, kifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa kidogo, na kesho yake kisome karibu na 75.

Nipo Mombasa. Kasiki yangu iko chumba chenye kiyoyozi, nami naamini hewa yake ni kavu. Mbona bastola inatoka jasho?

Hewa ni kavu wakati kiyoyozi kinafanya kazi. Tatizo linaanza mlango ukifunguliwa au umeme ukikatika. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini yake, na chuma kilicholala usiku kucha kwenye nyuzi 22 kimeshapita hapo. Ni jasho lile lile la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kasiki nzito ndiyo inayochelewa kuliko vyote kupata joto, kwa hiyo hukaa baridi huku hewa ya bahari ikiingia. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni adui kuliko kutokuwa nacho.

Unapotaka kuitoa bastola nje, ifunge kwenye mfuko wake ukiwa bado chumbani, itoke ikiwa imefungwa hivyo, uiache saa nzima ipate joto la nje, ndipo uufungue. Ukirudi, iondoe kwenye mfuko huo, kwa sababu sponji iliyomo ndani hushika unyevu na kuukumbatisha chuma.

Nyumba yetu ya Pangani ni ya kale, ya mawe na chokaa. Kasiki imefungwa ukutani kama inavyotakiwa, lakini nyuma yake kuna ukungu.

Kuta za mawe ya matumbawe zina chumvi ndani yake na hupandisha maji kutoka ardhini. Kasiki lazima iendelee kufungwa kwa bolti, hilo halina mjadala, ila weka vipande vya plastiki ngumu kati yake na ukuta, na chini yake pia, ili hewa ipite nafasi ya kidole. Kama kasiki yako ni ya kuzuia moto, huenda kuta zake zimejazwa jasi, ambayo nayo hubeba maji. Hapo kifito cha umeme cha kupasha joto kitakusaidia kuliko vipunje: hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 32, hushuka hadi karibu asilimia 60. Vipunje vimalizie sehemu iliyobaki. Usiweke balbu badala ya kifito, kwani kasiki ina vitambaa, mafuta na pengine risasi.

Je, si bora niiweke chini ya kitanda ili ipate hewa?

Hapana. Kutu huondolewa kwa mafuta. Mtoto aliyejipiga risasi harudi.

Baba amefariki. Tumekuta bastola yake kwenye mkoba wa ngozi, imeshikana na ngozi kwa kutu. Nitaisafishaje?

Poleni sana. Msiisafishe. Kibali kilikuwa cha marehemu, wala hakirithiwi pamoja na shamba. Msiivute kutoka kwenye mkoba kwa sababu hamjui kama ina risasi. Itoeni taarifa polisi, wao ndio waje kuichukua au wawaelekeze. Kwa wengine, mkoba ni wa kuvaa. Ngozi ina chumvi na asidi za kuitengenezea, na hunywa jasho la mwenye kuivaa, kwa hiyo silaha ilale kasikini nje ya mkoba.

Naziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta ili wadudu na unyevu visiingie. Ni sawa?

Kitambaa hicho hufungia unyevu ndani. Kibaya zaidi, siku utakayoamshwa usiku na ngedere shambani hutakikumbuka, na mtutu ulioziba ukipigwa unaweza kupasuka. Kitoe leo hii, kabla hujaigeuza karatasi hii.