Uza Bustani, Mboji Ibaki Kazini

Mhariri,

Swali lenu la juma hili lilitoka kwa msomaji ambaye kwa miaka 2 amekuwa akitengeneza mboji nyuma ya nyumba yake kutokana na mabaki ya jikoni na majani makavu, na sasa anauliza kama ujuzi huo unatosha kumwanzishia biashara ya kutengeneza na kutunza bustani za majumbani, au kama ni afadhali aiuze mboji yenyewe katika magunia, na aanze kwa kipimo gani. Nimeifanya kazi ya bustani kwa miaka 11, nami pia nilianza na biwi moja, yaani rundo la kuozeshea mboji, kwa hiyo naomba nafasi ya kujibu kwa kirefu. Ushauri wangu ni kwamba auze bustani, na mboji aiache iwe kitu kinachoifanya bustani hiyo ishinde za wengine.

Wazo la magunia siliungi mkono kwa sababu ya hesabu. Biwi la nyumbani husinyaa hadi nusu ya ujazo wake wa awali, na mara nyingi hupungua zaidi ya hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni hupotea hewani na maji hutoka yakiwa mvuke. Mtu aliyekusanya kwa miezi 6 hujikuta na toroli chache tu za kuuza. Akitaka kuongeza kiasi kwa kupokea taka za watu wengine, ataingia katika kazi nyingine kabisa, yenye mambo ya vibali, harufu, panya na maji machafu yanayochuruzika hadi kwa jirani. Lakini toroli hizo hizo zikichanganywa katika udongo wa bustani moja iliyochoka, tofauti huonekana kwa macho: udongo wa kichanga hushika maji kwa muda mrefu zaidi, udongo wa mfinyanzi hulegea na kupitisha hewa, na miche hushika mizizi mapema. Mteja wa bustani hulipia mmea unaoendelea kuishi baada ya fundi kuondoka, na hilo halipatikani bila udongo ulioandaliwa.

Kuna faida ya pili ambayo wengi wanaoanza hawaihesabu. Kazi hii huzaa taka kila siku, yaani nyasi zilizokatwa, majani, matawi na magugu, na fundi asiye na biwi huzigharimia mara mbili, kwanza anapozisafirisha kwenda kutupwa, kisha anaponunua rutuba ya kurudisha alichokiondoa. Pale ambapo uwanja wa mteja una pembe yenye kivuli, mimi humwomba ruhusa ya kujenga biwi hapo hapo, ili kilichotoka katika uwanja huo kirudi katika uwanja huo. Fikra hii si yangu. Albert Howard, mtaalamu wa kilimo Mwingereza, aliiweka katika utaratibu kamili mjini Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, kwa kupanga mabaki ya mimea na samadi kwa tabaka, kuyapindua kwa nyakati maalumu na kuyarudisha shambani yalikotoka.

Hata hivyo, msomaji wenu ajue kwamba biwi la taka za bustani halifuati mazoea ya biwi la mabaki ya jikoni, na hapa ndipo ujuzi wake utakapojaribiwa. Vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi vizuri vinapopata, kwa uzito, sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Nyasi mbichi zina kaboni kidogo kuliko kiwango hicho, takriban sehemu 15 hadi 20, wakati majani makavu yana 40 hadi 80, na maranda ya mbao hufikia mamia. Ndiyo maana nyasi zinazorundikwa peke yake hushikamana kama mkeka uliolowa, hunyima hewa kilichomo ndani na kutoa harufu kali ya amonia. Kwa kipimo cha ndoo, mimi huweka ndoo 2 hadi 3 za majani makavu kwa kila ndoo 1 ya nyasi mbichi, na matawi huyakatakata yawe vipande vya urefu wa kidole au chini yake. Unyevu huupima kwa kiganja: konzi ya mchanganyiko ikikamuliwa kwa nguvu itoe tone moja au mawili. Yakitiririka maji, huongeza majani makavu. Isipotoa hata tone, humwagia maji huku nikiipindua.

Joto lina uzito wa pekee kwa mtu atakayepeleka mboji katika uwanja usio wake. Biwi dogo linaloongezwa kidogo kidogo kila siku, kama lilivyo biwi la jikoni, kwa kawaida halipati moto wa kutosha, na mbegu za magugu hupita humo zikiwa hai. Nyumbani kwako hilo ni usumbufu mdogo wa kung'oa, lakini kwa mteja ni sawa na kumpandia magugu na kumtoza fedha. Biwi linalojengwa kwa mara moja, lenye angalau mita 1 kila upande, hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi kwa siku chache, na kulipindua mara kadhaa ili cha nje kiingie ndani huhakikisha kwamba kila sehemu imepita katika joto hilo. Nyasi zenye mizizi itambaayo mimi huzianika juani juu ya sakafu ngumu hadi zife kabisa kabla ya kuzitia katika biwi. Mimea yenye magonjwa na vinyesi vya mbwa au paka havina nafasi humo.

Nieleze kosa lililonifunza zaidi ya mengine. Katika mwaka wangu wa pili nilitengeneza vitanda vya maua kwa mteja aliyekuwa na haraka, nikatumia mboji ya majuma 6 iliyokuwa bado na uvuguvugu ndani, kwa kuwa kwa rangi ilionekana nyeusi na nzuri. Haukupita mwezi majani yakawa ya manjano na miche ikadumaa, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa bado vikiozesha mabaki ya mbao vilikuwa vikichukua nitrojeni ya udongo ambayo mimea iliihitaji. Niling'oa vyote na kupanda upya kwa gharama yangu, na mteja akabaki nami, lakini tangu siku hiyo sipeleki mboji popote bila kuijaribu. Huifungia konzi moja yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku 3; ikifunguliwa inapaswa kunukia udongo ulionyeshewa na mvua, si uchachu wala amonia. Kisha hupanda mbegu za maharage katika vyungu viwili, kimoja chenye mboji iliyochanganywa na udongo na kingine chenye udongo mtupu, nikalinganisha majani yao kwa majuma 2 au 3.

Maharage nayachagua kwa sababu maalumu. Zipo dawa za kuua magugu katika nyasi, hasa zenye klopiralidi na aminopiralidi, ambazo hazivunjiki upesi katika biwi na hata hupita salama tumboni mwa ng'ombe na kutokea katika samadi. Kiasi kidogo sana cha dawa hizo hupinda na kukunja majani ya maharage na nyanya. Kwa hiyo kabla ya kuchukua nyasi za mteja mpya, ni lazima kuuliza nini kimepuliziwa humo, na jibu likiwa halieleweki, nyasi hizo zibaki juu ya ukoka wake ule ule.

Upande wa biashara, vifaa si jambo kubwa: koleo, reki, toroli, makasi ya kupogolea yenye makali, glavu, miwani ya kinga, na mashine ya kukatia nyasi pale kazi inapoidai. Kinachoangusha wengi ni makadirio ya bei yanayofanywa kwa kutazama tu. Upime uwanja kwa futi kamba, uhesabu saa za kazi pamoja na za njiani, mafuta, kunoa visu na kubeba taka, ndipo utaje bei, na uiandike. Uchimbe pia shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji na kuangalia yanavyoshuka. Yakiwa bado yametuama kesho yake, usiahidi mimea isiyovumilia maji. Katika maandishi hayo pawe na jina la atakayemwagilia na mara ngapi, kwa sababu magomvi mengi niliyoyaona yalianza na miche iliyokauka katika mwezi wa kwanza, kila upande ukidhani kazi hiyo ni ya mwenzake. Usajili na bima vifuatwe kama sheria ya mahali inavyotaka.

Mapato yanayotegemewa hutoka katika matunzo ya kila mwezi kuliko katika upandaji, ambao huisha siku unapomalizika. Matunzo hayo yana kanuni chache zinazotosha: nyasi zisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, matandazo yawe ya unene wa sentimita 5 hadi 8 na yasiguse shina, na kila msimu vitanda vipate tabaka jembamba la mboji.

Sasa kipimo cha kuanzia, ambacho msomaji wenu alikiuliza waziwazi. Biwi moja la mita 1 ya ujazo litampa, baada ya kusinyaa, takriban nusu mita ya ujazo ya mboji iliyoiva. Ikitandazwa kwa unene wa sentimita 2.5, itafunika mita za mraba 20. Hicho ndicho kiasi cha vitanda ninachomshauri akubali katika kazi yake ya kwanza, na asipange tarehe ya kupanda kabla ya siku ambayo maharage yake ya majaribio yatakuwa yametoa majani yaliyonyooka.