Taa Zinacheza Tangu Injini Ibadilishwe

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Ninayo pikapu ya Toyota Hilux ambayo ilikuja na injini ya petroli ya 22R. Mwaka jana niliitoa injini hiyo nikafunga ya dizeli, 3L, kwa sababu ninabeba viazi kutoka mashambani hadi Makambako na petroli ilikuwa inakula faida yote. Nguvu ninaipata, ila tangu siku hiyo taa hazitulii. Gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, taa kubwa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinang'aa, na nikiwasha indiketa zinacheza kwa kuifuata. Usiku taa ya betri kwenye dashibodi inaonekana nyekundu kwa mbali, haizimiki kabisa wala haiwaki kabisa. Nimeshanunua betri 2 na altaneta 1 (ile mashine inayochaji betri) bila nafuu, na sasa fundi umeme ananiambia kwamba hata hiyo altaneta niliyonunua ni mbovu. Kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusiana na hili: waya wa akseleta ulikuwa mgumu nikaubadilisha, na huu mpya nao umeanza kukwama. — Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa gharama. Jambo ulilolitaja mwishoni, ukidhani huenda halihusiani, ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Waya wa akseleta unaoharibika mara 2 ndani ya muda mfupi, katika gari ambalo taa zake zinacheza, mara nyingi ni waya unaopitisha umeme ambao haukuwa wake. Kwa hiyo, kabla hujanunua altaneta ya pili, naomba ufungue boneti utafute waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi na kwenye hasi ya betri, ambao mafundi huuita ethi. Nadhani hutauona, au utaukuta umefungwa juu ya rangi na kutu.

Injini haijakaa juu ya chuma cha gari moja kwa moja, bali imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Altaneta na starta zote hutumia mwili wa injini kama njia ya kurudishia umeme kwenye hasi ya betri, na njia hiyo ni ule waya wa ethi peke yake. Injini inapotolewa, waya huo hufunguliwa pamoja na vingine, na inaporudishwa injini ya aina nyingine tundu la nati halipo tena mahali lilipokuwa, kwa hiyo waya huachwa ukining'inia au hufungwa popote unapofika. Gari litawaka hivyo hivyo, maana umeme hujitafutia njia nyingine: waya wa akseleta, waya wa spidomita, hata beringi za gia boksi. Starta ya dizeli huvuta zaidi ya ampea 200 kwa sekunde chache, na mzigo huo ukipita kwenye kiwaya chembamba cha chuma kilichomo ndani ya ala ya plastiki, kiwaya hupata moto, plastiki inayeyuka kidogo kidogo, na akseleta inaanza kukwama. Ushike waya huo kwa mkono mara tu baada ya kupiga starta mara 2 au 3. Ukiwa na uvuguvugu, umepata jibu. Tafadhali usibebe mzigo na usisafiri usiku mpaka hili lirekebishwe, kwa sababu akseleta inayokwama ikiwa imekanyagwa, kwenye mteremko na gari limejaa viazi, ni hatari kubwa kuliko taa zinazofifia.

Sasa kuhusu taa zenyewe. Balbu 2 za taa kubwa zenye wati 55 kila moja huvuta takribani ampea 9, na ukiongeza taa za nyuma, feni ya ndani na redio unaweza kukaribia ampea 20. Kiungo kichafu chenye upinzani wa omu 0.05 tu, ambao hauonekani kwa macho, kikipitisha ampea 20 hupoteza volti 1 nzima. Balbu nayo haivumilii upungufu: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana unaona indiketa ikizivuta taa kubwa. Kila inapowaka, ampea chache za ziada hupita katika njia ile ile iliyobanwa na kuzinyima taa sehemu ya volti zake. Ukikanyaga mafuta altaneta huzunguka kwa kasi na kusukuma zaidi, upungufu unafichika, na dereva anaamini kwamba altaneta ndiyo dhaifu.

Mwombe fundi wako aje na mita ya volti, na vipimo vifanyike ukiwa umesimama hapo. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, ichajiwe kwanza, maana huwezi kuipima altaneta kwa haki ikiwa na betri yenye njaa. Kisha washa injini, washa taa kubwa na feni, ongeza mafuta kidogo hadi kama mizunguko 1,500 kwa dakika, na mita iguse vichwa vyote 2 vya betri. Tunategemea kuona kati ya volti 13.5 na 14.5. Bila kuzima chochote, pima altaneta yenyewe, ncha moja ya mita ikiwa kwenye nati ya waya mnene wa chanya na nyingine kwenye mwili wa altaneta. Altaneta ikisoma 14.3 wakati betri inasoma 12.9, altaneta inafanya kazi yake na volti 1.4 zinapotelea njiani. Mafundi wengi hupima betri peke yake, wakaona namba ndogo, wakaihukumu altaneta. Nina hofu kwamba hivyo ndivyo ulivyonunua ile ya kwanza.

Ili ujue zinapotelea upande gani, mita iwekwe kati ya mwili wa altaneta na kichwa cha hasi cha betri, taa zikiwa bado zinawaka. Kipimo kisizidi volti 0.2. Kikifika 0.8 au 1, tatizo ni ethi. Upande wa chanya, kutoka nati ya altaneta hadi kichwa cha chanya cha betri, kisizidi kama 0.3, kikizidi, fuata waya huo inchi kwa inchi, kwa kuwa kwenye gari lililobadilishwa injini mara nyingi umeongezwa kipande ili ufike, na kiungo chake ni nyaya zilizosokotwa na kuviringishiwa utepe.

Tiba ya ethi ni ya bei nafuu kuliko vyote ulivyokwisha kununua. Waya mmoja, mnene kama ule wa starta, utoke kwenye hasi ya betri hadi kwenye bloku ya injini. Mwingine utoke kwenye bloku hadi kwenye chesisi. Na wa tatu, ambao unaweza kuwa mwembamba zaidi, utoke kwenye hasi hadi kwenye bodi. Kila mahali pa kufungia pakwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, iwekwe washa yenye meno, nati ikazwe, halafu ndipo pipakwe grisi kwa juu. Grisi au rangi ikitangulia chini ya nati, kazi yote imeharibika. Baada ya hapo weka waya mpya wa akseleta.

Ile taa ya betri inayowaka kwa mbali ina maelezo yake. Upande mmoja hupata umeme kutoka kwenye swichi ya funguo na upande mwingine kutoka kwenye altaneta, na pande hizo zikiwa na volti sawa taa huzima. Ikiwaka kwa mbali maana yake kuna tofauti ndogo, ama kwa sababu swichi au fyuzi yake inapunguza volti, ama kwa sababu daiodi moja ndani ya altaneta (kifaa kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) imekufa. Rekebisha nyaya kwanza. Ikiendelea, altaneta ifunguliwe.

Na ikifunguliwa, kuna jambo ambalo aliyetoka kwenye 22R huenda hakuwahi kulijua. Injini ya petroli huvuta vakyumu ya breki, yaani nguvu ya kufyonza hewa inayorahisisha kukanyaga breki, kutoka kwenye njia yake ya hewa, lakini dizeli haina vakyumu hiyo, kwa hiyo kwenye 3L pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya altaneta na hulainishwa kwa oili ya injini. Sili ya pampu ikichoka, oili huingia ndani ya altaneta, hulowesha brashi, na kuchaji kunakuwa kwa kukatakata. Angalia kama altaneta ina unyevu mweusi wa oili upande wa nyuma. Usikubali kamwe kufungiwa altaneta isiyo na pampu hiyo kwa sababu tu inaingia kwenye mabano yake, na ukisikia mkanda wa altaneta unapiga kelele usingoje kesho: ukikatika, unapoteza kuchaji na muda mfupi baadaye unapoteza msaada wa breki.

SWALI: Fundi wangu hupima altaneta kwa kufungua kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Isipozima, anasema altaneta ni nzima. Je, kipimo hiki kinafaa kwa gari la dizeli? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakifai kwa gari lolote, na kwa dizeli ya zamani hakielezi kitu. Injini kama 3L haihitaji cheche. Umeme pekee inaouhitaji ili iendelee kuzunguka ni ule mdogo wa koili inayofungua njia ya mafuta kwenye pampu ya dizeli. Ndiyo maana dereva wa dizeli anaweza kutembea mchana kutwa na altaneta iliyokufa, akagundua jioni anapowasha taa. Kibaya zaidi, betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiitoa ghafla wakati inachaji, volti huruka kwa kitambo kifupi hadi makumi kadhaa, na kitambo hicho kinatosha kuunguza daiodi, regyuleta (kidhibiti cha volti) au redio. Altaneta iliyokuwa nzima asubuhi inaweza kuuliwa na kipimo hicho saa 4. Mwambie fundi wako aache kichwa cha betri kikiwa kimekazwa, awashe taa kubwa, na asome mita.