Usiseme huna ridhim kabla hujazima hiyo spika ya bluetooth

Kuna dada wa Malindi, pande za Maweni, ameniandikia wiki hii akaniambia mkeka wake wa kudansi, ule wa gemu wenye mishale, ameukunja ameutia uvunguni, ati amejaribu mpaka amechoka, kila mshale akikanyaga gemu yamwambia Miss, yaani umekosa, na mumewe amemwambia mwili wake hauna ridhim. Akaniuliza kama namjua mtu wa kuununua. Nimesoma ile meseji nikaskia moyo wapanda, manake maneno kama hayo nishaambiwa mimi, na aliyeniambia aliniambia mbele za watu.

Kwa hivo dada yangu, mnunuzi sikutafutii. Nakuandikia haya, na nyinyi wengine wenye mikeka uvunguni nisikizeni pia, najua muko wengi.

Kwa wasioijua, hii gemu ya kukanyaga mishale ilianzishwa na Konami ya Japani mwaka 1998, Dance Dance Revolution, kwenye yale mashine makubwa ya kutia sarafu, mwaka uliofuata ikaingia majumbani kwa PlayStation. Mishale minne, kushoto, chini, juu, kulia. Inapanda kwenye skrini, ikifika pale ilipo ile mishale iliyosimama ndio wakanyaga. Mimi nachezea StepMania kwenye laptopu, programu ya mchezo kama huo huo, hiyo ni ya bure kabisa. Na kabla mtu hajaniambia ni mchezo wa watoto, jimbo la West Virginia kule Marekani lilitangaza mwaka 2006 kwamba litaupeleka kwenye shule zake za umma uwe ni mazoezi. Wenzetu wameuchukulia kwa uzito, sisi tunachekana.

Mimi ni mtu wa mwili, sijifichi. Nilitaka mazoezi, na hapa Lamu mwanamke atoke jioni akimbie kule mbele ya bahari mui mzima wamuangalia si jambo jepesi, na kutembea kwenye vichochoro vya Langoni kila hatua wampisha punda na mzigo wake wa mawe huwezi ukasema umefanya zoezi. Nikasema nitajifungia kwangu, orofani, nicheze. Mkeka nikauagiza Mombasa, ukaja kwa basi mpaka Mokowe ukavuka na boti, nami nikashuka mwenyewe kuupokea kama napokea mgeni.

Bas nikaanza, na kila nikicheza nakosa. Si kukosa kwa mtu asiyejua, kukosa kwa ajabu, yaani naskia ngoma, nakanyaga pale pale kwenye ngoma, gemu yaniambia nimechelewa. Siku moja nyumba ina wageni, wifi yangu akanikuta kwenye mkeka akasema, mbele ya wote, "Mwili huo si wa kurukaruka, mwenzangu, tafuta mchezo wa kukaa." Wakacheka. Nami nikatabasamu nikaenda kuleta kahawa, lakini lile neno lilikaa hapa kifuani na mpaka leo nikilikumbuka laniuma.

Kilichoniokoa ni harusi. Sisi wanawake wa huku tumelelewa kwenye vugo, ngoma yetu ya wanawake ya harusini, pembe zagongwa na wewe mikononi mwako unayo yako wagonga, na ukitoka nje ya mdundo mara moja tu wamama wakongwe watakugeukia kwa pamoja. Mie sijawahi kugeukiwa. Nilikuwa nimesimama pale kwenye mstari, nagonga, najitikisa na huu huu mwili, na fikra ikanijia hapo hapo: kama huku sikosei, kule nyumbani nakosea vipi? Sikio ni lile lile, miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni vifaa.

Nikarudi nikaanza kutafuta. Sauti nilikuwa naitoa kwenye spika ya bluetooth, zawadi ya kakangu, spika nzuri yenye besi. Nikaizima, nikachomeka spika ya waya. Wallahi wimbo ule ule, levo ile ile, mishale ikaanza kuwaka Perfect, Perfect, Great, Perfect, nikasimama katikati ya wimbo nikashika kichwa.

Sababu yake ni hii. Bluetooth inachukua sauti inaifunga inaituma inaifungua, na safari hiyo mara nyingi yala milisekunde (elfu yake ndio sekunde moja) 100 mpaka 200 na zaidi. Sasa StepMania kwenye setingi yake ya kawaida, Perfect unapewa ukiwa ndani ya milisekunde 45, Great ndani ya 90, Good 135, ukipita 180 hiyo ni Miss. Kwa hivo mtu mwenye sikio zuri kabisa, anayekanyaga ndani ya ngoma kabisa, ataonekana hajui chochote, na kadiri sikio lake lilivyo zuri ndivyo anavyoifuata ile sauti iliyochelewa kwa uaminifu zaidi. Mwenye ridhim ndiye anayeadhibiwa! Hilo ndilo nataka mlishike, kwanza kifaa, mwili baadaye.

TV nayo, kama laptopu umeichomeka huko, ina uchelewesho wake, wa picha. Ingia kwenye setingi zake utafute game mode uiwashe, manake TV nyingi za sasa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha na huko kupamba kwala muda. Halafu ukiwa ndani ya wimbo kwenye StepMania bonyeza F6 mpaka ikuandikie AutoSync Machine, ucheze wimbo rahisi ulio na ngoma nzito kwa kufuata masikio, usiangalie sana mishale, na gemu yenyewe itapima wewe wakanyaga wapi ijirekebishe. Ikimaliza kubali, hifadhi, toka.

Na adapta. Hii adapta iliniudhi zaidi kuliko wifi. Mkeka wangu ni ule wa kichwa cha PlayStation, duka likaniuzia na kidude cha kuugeuza uingie kwenye USB. Mshale mmoja mmoja unasoma vizuri, lakini kushoto na kulia zikija pamoja, ile ya kuruka, hakuna kitu. Nikawapigia, kijana akanijibu, "Mama, hapo ni kuruka kwako." Kuruka kwangu! Nikakaa sakafuni nikaingia pale Test Input, ule ukurasa wa StepMania unaoonyesha mshale gani umebonyezwa, nikabonyeza kushoto kwa mkono huu na kulia kwa mkono huu, nimekaa, siruki, na bado haikuonyesha zote mbili. Adapta nyingine zinaichukulia ile mishale kama kijiti cha joystiki, na kijiti hakiwezi kwenda kushoto na kulia wakati mmoja, kwa hivo vinafutana. Dawa yake ni adapta inayosoma kila mshale kama kitufe chake peke yake, au mkeka wenye USB yake. Ukinunua dukani, fanya hilo jaribio la mikono miwili hapo hapo kabla hujatoa pesa. Nilipowapelekea video walinyamaza, na pesa yangu sikurudishiwa.

Sakafu sasa. Nyumba zetu hizi za zamani dari ni boriti za mkoko, juu yake mawe na chokaa, ukiruka juu chini kwa mwenzio kwadondoka vumbi kwenye sufuria. Na mkeka laini ukiutandika mtupu unateleza, unakunjana, na huku kwetu jasho la miguu laung'ang'ania ule plastiki ukinyanyua mguu wanyanyuka nao. Nilienda kwa fundi seremala nikamwambia anikatie plaiwudi iliyozidi mkeka kidogo kila upande, anipigie msasa, nikaubandika mkeka juu yake kwa tepu pande zote nne, umevutwa sawasawa, na chini ya plaiwudi nikatia vile vipande vya sponji ngumu vya watoto vinavyoshikana. Jirani wa chini nilimuuliza mwenyewe, akasema sasa haskii kitu. Na adhana ikiadhiniwa nazima, saa za usiku mwingi sichezi, jirani ni jirani.

Kuhusu huo mwili wenyewe, nisikilizeni vizuri. Ndani ya mkeka kuna tabaka mbili zinazopitisha umeme na katikati sponji yenye matundu, ukigusa tabaka zinakutana kwenye tundu, bas, mshale umesomwa. Mkeka haupimi kilo. Hautaki kishindo. Kugusa kwa mbele ya wayo kunatosha, na wanaokanyaga kwa nguvu ndio wanaochoka mapema na kuharibu mkeka. Usirudishe mguu katikati kila baada ya mshale, uache pale pale ulipo mpaka uhitajike tena, na ubadilishe miguu, kulia kushoto kulia kushoto, hata kama itabidi ugeuze kiuno. Viuno tunavyo, si ndio?

Halafu mishale ikiwa imesongamana huioni, ongeza kasi ya kupanda. Watu wanaogopa, wanadhani wimbo utakimbia. Wimbo haubadiliki, wimbo wa mapigo 150 kwa dakika pigo lake ni sekunde 0.4 vyovyote vile, kinachobadilika ni nafasi kati ya mishale kwenye skrini, inatanuka unaisoma. Tia 2x, ukizoea panda.

Ijumaa iliyopita nimemaliza wimbo wa Hard, levo ngumu, bila Miss hata moja. Wifi alikuwepo. Hakusema kitu, akaniomba maji ya kunywa, nami nikampa, na namwambia hapa kama anasoma, kwamba mwenzio ukimuona ahangaika na jambo jema muulize kwanza kifaa chake kizima, usimtie aibu ya mwili aliopewa na Mola wake. Nyinyi waume nanyi muache. Mke amejifungia kwake ajitunze afya yake, wamkatisha tamaa ya nini? Na nyinyi dada zangu muache kuamini kila mnaloambiwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga hata mshale mmoja. Tunaamini upesi mno tukiambiwa hatuwezi.

Dada wa Maweni, leo jioni utoe huo mkeka uvunguni. Kwa kuwa uliukunja, sponji ya ndani itakuwa na mikunjo, utandaze sakafuni ulale hivo mpaka asubuhi na vitu vizito kwenye mikunjo, na kuanzia sasa uwe wauviringisha. Kesho zima bluetooth, chomeka waya, fanya jaribio la mikono miwili, kisha F6. Ile namba ya offset, yaani muda gemu iliojisogeza ikufuate wewe, ikitulia mahali pamoja, niandikie ni ngapi. Ikiwa yapanda yashuka haitulii, nitumie picha ya nyuma ya TV yako na hiyo adapta nione umechomeka nini wapi.