Mkanda wa zamani uliokutwa ndani ya kamera: usiukimbize kwenye mashine ya rangi

Mkuu, umesema kamera ya marehemu babu yako imepatikana, mkanda bado umo ndani na haujawahi kusafishwa, na unauliza kama kuna picha za kuokoa. Nimesafisha mikanda ya aina hiyo, na mara nyingi picha huwa zipo, ila zimefifia chini ya ukungu, yaani weusi unaotanda kwenye mkanda kwa uzee. Mabaki ya msafara wa puto wa S. A. Andrée wa mwaka 1897 yalipatikana kwenye Kvitøya, kisiwa cha barafu huko Aktiki, mwaka 1930, na John Hertzberg wa Stockholm akaokoa picha 93 kwenye mikanda iliyokuwemo. Baridi ndiyo iliyozitunza. Joto na unyevu ndio maadui, hivyo jiulize kwanza kamera ililala wapi.

Usifungue mgongo wa kamera. Kama ni milimita 35, zungusha taratibu kitufe cha kurudishia. Kikigoma kidogo, mkanda umo. Bonyeza kilegezo, kile kitufe kidogo kinachouachia mkanda, kisha rudisha mpaka ulegee kabisa. Kama ni mkanda uliozungushiwa karatasi mgongoni, mfano 120, 620 au 127, huo haurudishwi: endelea kuuvuta mbele hadi mwisho.

Kisha soma maandishi yake, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiona C-22, huo ni mkanda wa rangi wa kabla C-41, njia ya kusafisha mikanda ya rangi inayotumika hadi leo, haijaingia mwaka 1972. Mashine ya C-41 hufanya kazi kwenye nyuzi 38, na ngozi ya mkanda wa C-22, yaani tabaka la gelatini lenye picha, haikutengenezwa kwa joto hilo; inaweza kulainika na kubanduka. Kodachrome, mkanda wa slaidi za rangi wa Kodak, nayo haina tena dawa zake za rangi. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010.

Yote hiyo mimi naisafisha kama nyeusi na nyeupe, hata kama utakosa rangi. Rangi zenyewe huwa zimeshachoka, lakini fedha iliyopigwa na mwanga bado inaitikia dawa. Natumia HC-110, dawa ya kuibua picha ya Kodak, kwa sababu haiongezi ukungu sana: sehemu 1 ya dawa kwa 31 za maji, nyuzi 20 au chini kidogo, na matone ya benzotriazole kuzuia ukungu. Kwanza kata kipande kifupi gizani, kisafishe peke yake, ukiangalie, ndipo upange dakika za mkanda mzima. Kipande hicho kinaweza kula picha moja. Kubali, ni bora kuliko kupoteza zote.

Jiandae kwa usumbufu wa kuuvisha gizani kwenye gurudumu la kusafishia. Mkanda uliokaa miaka mingi hujikunja kwa nguvu, unachomoka vidoleni, na wewe huoni kitu. Usiulazimishe, ukiuvunja kona, gelatini hupasuka na mstari unabaki kwenye picha. Kodachrome ina mipako myeusi mgongoni, iloweke kwenye maji ya magadi kisha uifute kwa sponji laini.

Ukitoka kwenye dawa ya kukazia utauona mzito, wa kahawia, kama haukupata kitu. Usiutupe. Uinue mbele ya taa kali, uutazame kwa kuuinamisha: kwanza utaona kola ya shati au ukingo wa dirisha, halafu sura. Skana nzuri itatoa zaidi ya jicho lako.

Tuandikie jina lililo kwenye kopo au karatasi yake, tukupe dakika za kuanzia.