Kobe alinikosesha alama, na kobe ndiye aliyenifundisha

Juzi msomaji mmoja aliniandikia akiwa na uchungu. Amekatwa alama kwenye mtihani wa baiolojia kwa kusema kobe ana kiunzi cha nje, yaani kinachoubeba mwili wake kiko nje, kama cha kaa. "Sasa lile gamba si liko nje, jamani? Nimekosea wapi?"

Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Kosa hilohilo nililifanya mimi nikiwa na umri kama wake. Mwalimu alisoma jibu langu kwa sauti, darasa zima likacheka, na yeye akacheka kuwashinda wote. Kisha akaendelea na swali linalofuata. Hakunieleza kosa langu lilikuwa nini. Miaka mingi imepita, na bado nikikumbuka naumia.

Jibu nilikuja kulipata mwenyewe, siku niliyookota gamba kavu la kobe aliyekufa zamani. Juu, vile vibamba vyembamba vilivyo kama kucha vilikuwa vimeanza kubanduka, na chini yake kulikuwa na mfupa mtupu. Nikaligeuza chali. Katikati ya dari yake ulipita uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, zote zimeshikamana na gamba. Mbavu zilitoka huku na huku zikiwa zimepanuka na kuungana. Gamba la kobe ndiyo mbavu zake na mgongo wake! Ni kiunzi cha ndani, kama chetu. Hawezi kulitoka, kama wewe usivyoweza kuzitoka mbavu zako. Nilikaa chini nikalishika muda mrefu, na hasira ya miaka yote ile ikageuka kuwa furaha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: shika kitu mkononi. Mchoro wa kitabuni hauna upande wa chini wa kugeuza.

Ukitaka kujua kiunzi cha nje hasa ni kipi, tafuta ganda la nyenje kwenye gome la mti. Utalikuta limepasuka mgongoni, kucha bado zimeng'ang'ania gome, hata vifuniko vya macho vipo, na mwenyewe hayumo. Wadudu, nge na kaa wote wako hivyo. Ganda lao si mfupa, limejengwa kwa dutu iitwayo kitini, misuli imejishikiza kwa ndani, na kwa kuwa ganda halikui pamoja na mwili, mnyama hana budi kulivua. Kaa aliyetoka kujivua ni laini kabisa, hujificha mpaka ganda jipya ligumu. Kobe havui gamba lake. Mfupa ulio hai una damu, unakua na mwenyewe, na ukivunjika unaunga.

Aina ya tatu wengi huiruka, nami niliiruka: kiunzi cha maji. Nyungunyungu hana mfupa, lakini mshike taratibu uone anavyokazana kati ya vidole. Mwili wake umejaa majimaji. Misuli ya mzunguko ikibana, anarefuka. Ile ya urefu ikibana, ananenepa na kufupika. Ndivyo anavyopenya udongo.

Kazi za kiunzi nilizikariri kwa mistari mitano nikazisahau baada ya wiki moja. Zilinikaa kichwani nilipochukua mifupa miwili ya kuku. Mmoja niliuloweka kwenye siki kwa siku kadhaa, nikaweza kuukunja kama mpira, maana siki imeyeyusha madini. Wa pili niliuchoma mpaka ukawa mweupe, nao ukavunjika vipande nilipoubonyeza, maana protini imeungua. Madini huupa mfupa ugumu, protini huupa uwezo wa kuvumilia kishindo. Madini hayohayo ni akiba: kalsiamu ikipungua katika damu, mwili huichota mifupani. Ndani kabisa kuna uboho, ambako chembe za damu hutengenezwa. Kubeba mwili, kulinda ubongo, moyo na mapafu, na kuipa misuli mahali pa kuvutia, hayo utayaona ukijipapasa fuvu na mbavu.

Ninyi mnaotaka udaktari au utabibu wa mifugo, acheni kukariri majina matupu. Mtu mzima ana mifupa 206. Kila mguu, kuanzia kifundoni kwenda chini, una 26. Jivue kiatu uipapase. Shika, geuza, bonyeza. Na wewe mwalimu, mtoto akikosea, usimcheke ukamwacha hapo. Alichoandika ndicho alichokiona kwa macho, na kilichobaki ni mtu wa kumgeuzia gamba.

Msomaji wangu nimempigia picha ya lile gamba kwa ndani, maana ninalo hadi leo. Nimemtumia pia maswali mawili. Papa hana mfupa hata mmoja, ana gegedu tu, kama ile ya sikioni mwako: kiunzi chake ni cha aina gani? Na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, mgumu ukimgusa, ila vibamba vyake vya chokaa vimefunikwa na ngozi: je, yeye? La papa amelipata. La pili bado anabishana nami.