Uyoga wa kwenye gogo la mwembe: usiupike bado

Dada, umeuliza kama uyoga mweupe uliochomoza kwenye gogo la mwembe unalika. Kwa maelezo yako unafanana na mamama, aina ya uyoga unaolika unaoota kwenye magogo, lakini rangi ya juu haitoshi. Upindue. Mamama una nyama laini, kikonyo kifupi kilichokaa pembeni, na chini ya kofia kuna mikunjo myembamba kama kurasa za kitabu, inayoteremka mpaka kwenye kikonyo. Ukiukuta ni mdogo, una manyoya juu, na kila mkunjo umepasuka kwa urefu, huo ni mwingine kabisa.

Kisha kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi lililodondoka kutoka kwenye mikunjo; la mamama huwa jeupe au zambarau hafifu. Likitoka la kahawia, tupa. Hata likiwa jeupe usikimbilie sufuria, maana uko uyoga wa sumu wenye vumbi jeupe.

Na tafadhali, usiwasikilize wanaosema ukiliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuchemsha kunaondoa sumu. Mpelekee mama anayechuma uyoga kila msimu hapo kwenu auone ukiwa mzima. Akisita, acha.