Re: Namba ya foleni ina maana yoyote?

Ndugu, umeuliza kama namba yako ya foleni ndiyo itakayoamua lini utakabidhiwa pikapu yako ya umeme. Kwa sehemu tu. Viwanda hupenda kuanza na matoleo ya bei ghali, kwa hiyo aliyechagua betri kubwa anaweza kukupita hata kama wewe ulitangulia kuweka oda. Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla, ilioneshwa Novemba 2019, watu wakalipa dola 100 kushikia nafasi, na magari ya kwanza yakakabidhiwa Novemba 2023! Bei nayo ilishapanda, maana zile dola 100 hazikufunga bei. Kwenye mkataba wako angalia kwanza kipengele cha kufunga bei, yaani kama bei uliyoahidiwa haitabadilika. Mimi nilipokuwa nasubiri nilifunga chaja nyumbani mapema. Mafundi umeme nao wana foleni yao.